Miwani ya uhalisia pepe na mikono ya fundi: kipi kinarithishwa, kipi kinabaki

Habari za aina hii zimekuwa nyingi. Fundi mzee, mmoja wa wachache waliobaki katika kazi yake, amevalishwa vihisi, amezungukwa na kamera, amefinyanga chungu kama alivyozoea, na baada ya muda tunatangaziwa kwamba ujuzi wake umeingizwa kwenye miwani ya uhalisia pepe na hautapotea tena. Wapo wanaoshangilia: sasa kijana yeyote, popote alipo, atajifunza ufinyanzi bila hata kuchafuka mikono. Wapo wanaoguna: tangu lini ufundi ukajifunzwa kwenye michezo ya kompyuta?

Ubishi huu hauishi kwa sababu kazi tatu tofauti zimefungwa kwenye fungu moja. Kuna kuhifadhi ujuzi, yaani kuweka kumbukumbu ya namna kazi inavyofanywa. Kuna kuuonyesha, yaani kumfanya mtu asiyeijua kazi aione na kuvutiwa nayo. Na kuna kuufundisha, yaani kumchukua mtu asiyeweza kusuka mkeka na kumfikisha mahali anapousuka mwenyewe. Miwani hii inafanya kazi ya kwanza kwa kiasi, ya pili vizuri mno, na ya tatu kwa sehemu tu, tena si kwa kila ufundi. Kwa maoni yangu miradi mingi hufanya ya pili ikajitangaza kwa jina la ya tatu, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Kwanza, uhalisia pepe ni nini

Uhalisia pepe ni mazingira yaliyoundwa na kompyuta ambayo mtu huyaona yamemzunguka pande zote, na yanabadilika kadiri anavyogeuka au kusogea. Ndani ya miwani kila jicho lina picha yake, na picha hizo mbili zimepishana kidogo, kama macho yetu yanavyopishana katika kuona. Ubongo ukiziunganisha, mtu anaona kina: chungu kiko karibu, ukuta uko mbali. Vihisi na kamera zilizomo kwenye miwani hupima kichwa kimeelekea wapi, na kompyuta huichora picha upya mara 72, 90 au hata 120 kwa sekunde. Watengenezaji hulenga picha isichelewe zaidi ya milisekunde 20 hivi baada ya kichwa kugeuka. Ikichelewa sana, macho yanasema jambo moja na sikio la ndani, linalosimamia mizani ya mwili, linasema jingine. Matokeo yake ni kichefuchefu.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani Ivan Sutherland na wenzake walionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito hadi kikahitaji kuning'inizwa kwenye dari. Miaka ya 1980 kampuni ya VPL Research ya Jaron Lanier iliuza miwani na glavu zenye vihisi, kwa bei ambazo maabara kubwa tu ndizo zilizoziweza. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 2012, kampuni changa ya Oculus ilipochangisha fedha kwa watu wa kawaida mtandaoni. Miaka miwili baadaye Facebook ikainunua kwa takriban dola bilioni 2, na bei za miwani zikaanza kushuka.

Kuna tofauti moja ambayo msomaji akiishika atajiepusha na nusu ya mkanganyiko. Vitu vingi vinavyoitwa uhalisia pepe ni video ya digrii 360. Kamera iliwekwa mahali pamoja, ikapiga picha pande zote, na wewe unaweza kugeuza kichwa ukatazama huku na kule. Lakini huwezi kuinama uone chini ya kiganja cha msusi, wala kusogea nyuma yake, na lolote ulifanyalo halibadilishi chochote. Uhalisia pepe kamili ni ule ambao vitu vimejengwa upya kwa umbo, hivyo unaweza kuvizunguka, kuvishika kwa vishikio au kwa mikono mitupu inayofuatiliwa na kamera, na kukosea. Kukosea ni muhimu. Mahali ambapo mtu hawezi kukosea, hajifunzi kazi, anaitazama tu.

Halafu kuna ndugu yake, uhalisia ulioongezwa, ambapo mvaaji anaendelea kuiona meza yake halisi na udongo wake halisi, ila juu yake kumechorwa mistari, mishale au mikono ya fundi. Husemwa kidogo kuliko huo mwingine kwa sababu haushangazi sana. Kwa kazi za mikono mimi naupa matumaini makubwa zaidi, na sababu itaonekana mbele.

Ujuzi unaingiaje kwenye mashine

Fundi hurekodiwa kwa njia mbili kubwa. Moja ni kamera nyingi zinazompiga kutoka pande mbalimbali, kisha programu inakokotoa kila kiungo cha mwili kilikuwa wapi kila wakati. Nyingine ni vihisi vinavyofungwa mwilini au kwenye glavu, vinavyopima mwendo wenyewe. Vyombo na malighafi hupigwa picha kwa mamia na kugeuzwa maumbo ya kompyuta.

Kila njia ina kero yake, na kero hizo zinaeleza mengi. Mtazame mfinyanzi anapoinua ukuta wa chungu. Vidole vya mkono mmoja viko ndani, vya mkono mwingine nje, na unene wa udongo anaupima katikati ya vidole hivyo. Mara nyingi wala hatazami. Macho yako kwenye mdomo wa chungu au kwa mtu anayezungumza naye. Kamera haivioni vidole vya ndani, yaani nusu ya kazi imefichwa na kazi yenyewe. Ukisema basi avae glavu, umemnyang'anya kipimo chake, na kitakachorekodiwa ni mfinyanzi anayehangaika na glavu.

Kuna pia kisichoonekana kabisa. Mwanafalsafa Michael Polanyi alisisitiza katika miaka ya 1960 kwamba binadamu anajua zaidi ya anavyoweza kueleza. Ukimuuliza mhunzi kwa nini amesita kabla ya pigo lile, huenda akajibu kwamba hakusita. Mashine itarekodi kusita huko kwa usahihi wa ajabu bila kujua kulikuwa na maana gani.

Ndiyo maana miradi iliyofikiriwa vizuri haikuishia kwenye mwendo wa mikono. Umoja wa Ulaya uligharamia mradi wa i-Treasures kati ya mwaka 2013 na 2017, ambao pamoja na nyimbo na ngoma ulishughulika na miondoko ya wafinyanzi, na baadaye Mingei, ulioanza 2018, uliochukua kazi tatu: uundaji wa vioo, ufumaji wa hariri na uvunaji wa utomvu wa mastiki. Mingei ulijaribu kuiandika kazi kama mtiririko wa hatua na maamuzi: chombo kipi, malighafi ipi, fundi anaangalia nini kabla ya kuendelea, na nani alimfundisha. Kazi ya namna hii ni ya kukaa na fundi muda mrefu na kumuuliza maswali, na sehemu kubwa yake haina haja ya miwani.

Inapofaa kweli

Aliyewahi kufundishwa kusuka akiwa amekaa mkabala na mwalimu anaijua taabu yake: mkono wa kulia wa mwalimu uko kushotoni kwako, na kila hatua lazima uigeuze kichwani. Ukikaa nyuma yake, mgongo wake unaziba. Ndani ya miwani unaketi palepale alipoketi yeye, na mikono yake inaonekana mahali ambapo mikono yako ingekuwepo. Unaweza kuusimamisha mwendo pale mchane, yaani ukanda mwembamba wa jani, unapopita chini ya mwenzake, ukaurudisha, ukaupunguza kasi, ukaurudia mara hamsini. Hakuna mzee mwenye subira hiyo, na hana sababu ya kuwa nayo.

Faida nyingine ni kwa hatua za hatari, za gharama au za nadra. Kuchoma vyungu tanurini hufanywa kwa mkupuo. Ukikosea, kazi ya wiki nzima imepasuka. Mastiki, utomvu unaovunwa kusini mwa kisiwa cha Chios huko Ugiriki, una msimu wake: ardhi chini ya mti husafishwa na kutandazwa unga mweupe wa chokaa, gome huchanjwa mikato midogo, kisha husubiriwa utomvu udondoke na kuganda kabla ya kuokotwa. Mwanagenzi aliyekosa msimu anangoja mwaka mwingine. Kwa kazi kama hiyo, kuupitia mfuatano mzima mara kadhaa kabla ya siku yenyewe si anasa. Hatapata mkono wa kuchanja, ila siku hiyo hatahitaji kuelezwa kinachofuata nini.

Programu nyingine huweka mikono ya kivuli: mikono ya fundi huchorwa kwa rangi hafifu, nawe unatakiwa kuifuata kwa mikono yako. Inapendeza, na mtu hufanya vizuri upesi. Lakini ni kama mtoto anayefuatisha herufi kwa kupita juu ya nukta: mwandiko unanyooka mpaka nukta zinapoondolewa, ndipo unapojua kama ameshika au la. Watafiti wa namna mwili unavyojifunza, Salmoni, Schmidt na Walter, walilieleza jambo hili mwaka 1984: mwongozo wa mfululizo humwinua mwanafunzi wakati wa mazoezi, halafu humwangusha unapokosekana, kwa kuwa aliuegemea badala ya kujisahihisha. Programu nzuri basi ni ile inayokifanya kivuli kififie taratibu, kisha kitoweke. Programu inayomwacha mwanafunzi akifuata kivuli hadi mwisho na kumpa nyota tano imempa furaha tu.

Inapokwama

Hapa ndipo wanaoguna wanapokuwa na haki yao. Malighafi hujibu. Udongo wenye maji mengi hulegea, ulio mkavu hupasuka ukingoni. Ukindu usiolowana vya kutosha hukatika pale unapoukunja. Mbao humwambia seremala kwa sauti ya randa kwamba anakwenda kinyume na nyuzi zake. Vishikio vya kawaida vya uhalisia pepe vinaweza kutetemeka tu. Zipo glavu zinazokaza vidole ili uhisi umeshika kitu, lakini ni ghali, na tofauti kati ya udongo wa jana na wa leo haziijui.

Hata kuona kuna mipaka yake. Mhunzi hukijua chuma kimefikia wapi kwa rangi yake: wekundu uliofifia, wekundu mkali, rangi ya chungwa, manjano inayokaribia weupe. Wengi hufanya kazi penye mwanga hafifu kwa sababu hiyo. Kamera nayo hujirekebisha yenyewe ili picha isiungue, hivyo chuma kilichokuwa chekundu kinaweza kutokea cheupe au chenye rangi ya waridi. Mwanagenzi aliyejifunza rangi hizo kwenye skrini atakitoa chuma kwenye moto wakati usio wake. Wanaorekodi uhunzi wasiolijua hili wanafundisha kosa, kwa ubora wa juu kabisa wa picha.

Mtu atauliza: mbona madaktari wanajifunza upasuaji kwa njia hii? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalotupa kipimo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale na madaktari 16 waliokuwa mafunzoni. Waliofanya mazoezi kwenye kifaa cha uhalisia pepe walitenganisha kibofu cha nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na makosa yalikuwa mara sita zaidi kwa wale wasiofanya mazoezi hayo. Ila kifaa chenyewe hakikuwa miwani. Kilikuwa skrini na vishikio viwili mithili ya vyombo vya upasuaji, na zoezi lilikuwa kushika na kusogeza maumbo sahili. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa matundu madogo, ambapo daktari hushika vyombo virefu na kutazama skrini, na hisia ya kugusa imeshapungua sana tangu mwanzo. Mazoezi na kazi vilifanana pale palipohitajika kufanana.

Kipimo basi ni hiki: kati ya mkono na malighafi kuna nini? Kazi inayopitia chombo kirefu au mashine, kama uchomeleaji wa vyuma au sehemu za ufumaji wa kitanda cha mfumi (mtambo wa kufumia nguo), huhamia kwenye uhalisia pepe kwa urahisi kiasi. Kazi ya kidole kitupu juu ya kitu kibichi huhamia kwa shida. Katikati kuna kazi za nyundo, tezo na patasi, ambazo unaweza kufundishia mpangilio na mkao wa mwili, lakini si uzito wa pigo. Na kwa hizi za katikati ndipo uhalisia ulioongezwa unapofaa: patasi ni ya kweli, mbao ni ya kweli, mstari pekee ndio wa kompyuta.

Madai yanayosikika sana

"Ujuzi umehifadhiwa milele." Hakuna cha milele kwenye kompyuta kisichotunzwa. Mwaka 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 ya sensa maarufu ya Uingereza, Domesday, kwa kukusanya picha na maelezo ya nchi nzima kwenye diski za leza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashine za kuzisoma zilikuwa zimekaribia kwisha, na ikabidi wataalamu waanze kazi ya kuziokoa. Sensa ya awali, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi mwaka 1086, ilikuwa bado inasomeka. Katika uhalisia pepe mambo huenda mbio zaidi: Google iliachana na mfumo wake wa Daydream mwaka 2019 na ikaacha kuuza Cardboard, miwani yake ya karatasi ngumu, mwaka 2021, Microsoft ikatangaza mwisho wa mfumo wake wa Windows Mixed Reality mwishoni mwa 2023. Programu iliyofungwa kwenye miwani ya aina moja inaweza kumtangulia kaburini mzee iliyemrekodi. Kinachodumu ni video za kawaida, vipimo, michoro na maandishi, vilivyowekwa kwa miundo ya wazi na kunakiliwa sehemu zaidi ya moja.

"Vijana hawajifunzi kwa sababu njia za zamani zinachosha." Wengine, labda. Lakini tazama ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, Botswana, ulioingizwa na UNESCO mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kupungua kwa mafundi wakuu, bei ndogo za vyungu na wingi wa vyombo vya kiwandani. Miwani haipandishi bei ya chungu. Kijana akiona kazi hailishi, utamvutia kwa dakika kumi za maajabu kisha atakwenda kutafuta inayolisha. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika unahimiza jambo hilohilo kwa upande wa ufundi: kinachotakiwa kuendelea ni watu kutengeneza na kufundishana.

"Fundi hahitajiki tena." Hili limeshajibiwa, nitaongeza moja tu. Saa za fundi mzee ni chache, na sehemu kubwa ya saa hizo huliwa na kueleza majina ya vyombo, mfuatano wa hatua, jinsi ya kukaa. Hayo mashine inayaweza. Mwanagenzi akifika anayajua, mzee anaanza moja kwa moja na kile ambacho yeye pekee anaweza kukifundisha: kushika mkono wa mwanafunzi ndani ya udongo na kusema, hapa, umesikia?

Na watoto? Watengenezaji huweka umri wa chini, mara nyingi miaka 10 au 13, na hata kwa wakubwa vipindi vifupi vinafaa kuliko saa nzima.

Nani mwenye mikono hiyo

Jambo linalosahaulika kwenye sherehe za uzinduzi ni umiliki. Kwa sheria za nchi nyingi, hakimiliki ya rekodi huwa ya aliyerekodi, si ya aliyerekodiwa. Data ya miondoko ya fundi inaweza kuuzwa, kutumiwa kufundishia roboti au kuingizwa kwenye mchezo wa kompyuta, naye asipate hata taarifa. Zaidi ya hapo, baadhi ya hatua si za kila mtu. Huko Kgatleng kuchimba udongo huambatana na kuwasiliana na mababu: mfinyanzi mkuu huwasiliana nao, kisha huongozwa kiroho hadi mahali pa kuchimba. Hatua kama hiyo haigeuzwi kuwa kitufe cha kubonyeza bila idhini ya wenyewe.

Afrika ina chombo kimoja cha kuanzia: Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya shirika la miliki ubunifu la ARIPO, inayolinda wenye maarifa ya jadi dhidi ya matumizi yasiyo na ridhaa yao. Lakini itifaki hufanya kazi katika nchi zilizoiridhia, na kesi huchukua muda. Ulinzi wa karibu zaidi ni makubaliano ya maandishi kabla kamera haijawashwa: nani anashika nakala ghafi, inaruhusiwa kutumika kwa nini na kwa muda gani, hatua zipi hazirekodiwi, fundi analipwa mara moja au kila inapotumika, na akifariki nani anasimama mahali pake. Yaandikwe kwa lugha anayoisoma fundi mwenyewe, na nakala moja ibaki kwake.